Weka Yako, Songa Mbele

Simu ililia.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua wengine mlinuna. Poleni. Sogeeni sasa, maana simu bado inalia, na inalia ndani ya mkoba wa Chapuchapu, karani wa meza ya tatu.

Kwa aliyechelewa, nasimulia mara moja, sirudii. Bwana Malengo, mkuu wa ofisi ya orodha ya wagonjwa wa macho, alikuwa amesimama katikati ya chumba cha makarani akimpandishia sauti mzee mmoja, fundi baiskeli. Mzee kaja na mkewe, mshonaji, ambaye mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Uzi hauoni, sindano haioni, na mumewe mwenyewe anamwona kama kivuli. Mwaka mzima walisubiri kuitwa hospitali apasuliwe. Hawakuitwa.

"Mlipigiwa mara tatu, hamkupokea!" Bwana Malengo alifoka.

"Tupokee nini, na sisi simu hatuna?" mzee alimjibu.

Basi bosi, ili amkomeshe mbele za watu, akapiga namba iliyoandikwa kwenye fomu yao, tena akaiweka kwa spika. Na simu ikalia kwenye meza ya tatu, karibu na dirisha.

Makarani wanane waliacha kuchapa. Chumba ambacho tangu asubuhi kilikuwa ta-ta-ta-ta kikawa kimya, isipokuwa ule mkoba.

"Ya nani hiyo?" mzee akauliza.

Mama Pacha, karani wa meza ya jirani, aliinama kutafuta kitu chini ya kiti. Mnafiki yule! Hakuwa amedondosha chochote.

Chapuchapu aliingiza mkono mkobani akaizima simu. Siku zote akiwa kazini huiweka kimya, ndiyo sheria ya ofisi. Leo tu aliiachia sauti, kwa sababu leo mama yake mzazi anapasuliwa jicho, na alitaka habari njema ikija aisikie. Habari yenyewe ndiyo hiyo iliyokuja.

Bwana Malengo alikuwa mwepesi kuliko wote. "Laini zimeingiliana," akasema, akachekacheka. "Hizi kampuni za simu nazo! Mzee, kakae pale benchini na mama. Wewe," akamnyooshea Chapuchapu kidole, "ofisini kwangu."

Fundi baiskeli hakucheka. Alimtazama Chapuchapu kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akamshika mkewe mkono wakaenda kuketi.

Ngoja niwaambie ilikuwaje, halafu mmhukumu wenyewe. Fomu za wagonjwa huja pale zimejazwa kwa mkono, nyingine kwa penseli, nyingine zimelowa jasho la mfukoni. Kazi ya karani ni kuziingiza kwenye kompyuta. Mia tatu kwa siku, hilo ndilo lengo, na ukishindwa siku tatu mfululizo, asante, kwaheri. Sasa mgonjwa akiwa hana simu, kompyuta inagoma. Inatoa maandishi mekundu kwamba sehemu hii ni lazima ijazwe, na fomu haiendi mbele wala hairudi nyuma. Weka sifuri kumi, inakataa. Buni namba, inakataa, inataka namba iliyo hai.

Siku yake ya pili kazini Chapuchapu alikwama kwenye fomu ya namna hiyo. Akamuuliza Mama Pacha. Mama Pacha hata shingo hakugeuza.

"Weka yako, songa mbele," alisema. "Sote tunaweka zetu."

Akaweka yake, akasonga mbele. Alisonga mpaka wakambandika hilo jina la Chapuchapu, karani wa kwanza kwa wingi wa fomu miezi minne mfululizo. Na nyuma yake akaacha watu arobaini na mmoja wasio na simu, kila mmoja ameandikiwa simu yake yeye.

Hospitali ikaanza kupiga. Inaita wagonjwa kwa simu, mara tatu. Usipopokea unaandikwa "hakupatikana", na nafasi yako imekwenda. Chapuchapu aliziona zile simu za namba ngeni jioni akitoka kazini, akazipuuza. Siku moja akapiga mwenyewe. Sauti ya kike ikasema, "Hospitali, kitengo cha macho." Akakata.

Akakata, jamani! Miezi mitatu iliyopita hiyo. Tangu siku ile alijua, na akavaa miwani ya mbao. Akisema, kibarua kitaota nyasi. Asiposema, kuna mtu mahali fulani anangoja simu ambayo haitamfikia maisha yake yote. Usiku alijiambia kesho atasema. Asubuhi fomu mia tatu zilikuwa mezani.

Haya, tuingie ofisini kwa bosi.

"Funga mlango," Bwana Malengo akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Chapuchapu.

"Bosi, naomba niseme ukweli..."

"Ukweli upi, binti yangu? Kwamba mnaweka namba zenu? Najua. Nilikuwa karani kabla yako, kwenye kiti hichohicho." Akafungua droo, akatoa karatasi mbili, akazilaza mezani. "Hii ni ajira yako ya kudumu. Imekuja jana. Na hii ni maelezo mafupi tu, kwamba fomu namba mia nne kumi na saba, huyo mshonaji, alipigiwa mara tatu kwa simu aliyoitoa mwenyewe, hakupokea. Tia sahihi zote mbili, tumalize."

"Lakini hakupigiwa. Nilipigiwa mimi."

"Nani anajua?"

"Mumewe anajua! Ameisikia simu ikilia!"

"Mzee wa spoku na mnyororo? Nani atamsikiliza?"

Chapuchapu hakuwa amezoea kumjibu bosi, ulimi ulikuwa mzito. "Bosi, wale madaktari wageni wanaopasua macho wanaondoka leo saa saba. Hawarudi mpaka mwakani. Mzee amesema waliambiwa, mwaka mwingine ukipita macho yale yanakufa moja kwa moja. Niende naye hospitali sasa hivi. Namba yake ipo, mia nne kumi na saba. Nitasema nilikosea mimi. Nifukuze kazi."

"Namba yake ina mtu."

"Mtu gani?"

"Aliandikwa hakupatikana. Wiki iliyopita nikawajulisha amepatikana." Bwana Malengo akaegemea kiti chake, akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi. "Si ulikuja hapa ukilia kwamba mama yako ni elfu mbili na mia kitu, zamu yake haitafika? Si nilikwambia niachie mimi? Hospitali wanaita kwa namba, hawaiti kwa jina. Leo mia nne kumi na saba ni mama yako."

Chapuchapu akapigwa na butwaa.

Ulidhani nini, we dada? Kwamba foleni ya watu elfu mbili ilimpisha mama yako kwa sababu unachapa haraka? Alishukuru siku ile. Alimshika bosi mkono kwa mikono yake miwili, akamwita baba. Hakuuliza nafasi imetoka wapi. Na mimi msimulizi nampenda huyu msichana, lakini hapo simtetei.

"Kwa hiyo kalamu hiyo hapo," Bwana Malengo akasema. "Ukimwingiza yule bibi, unamtoa mama yako. Kwa mkono wako. Fikiri, usije ukalia kama siku ile."

Chapuchapu aliishika kalamu. Nisiwadanganye, aliishika, na akaanza herufi ya kwanza. Halafu kupitia kioo cha mlango akamwona mshonaji pale benchini akipapasa ukingo wa gauni lake. Uzi ulikuwa umelegea. Alikuwa akiutafuta kwa vidole, anaukosa, anautafuta tena. Mikono ile ilikuwa inajua kazi, macho tu ndiyo yaliyokuwa yameiacha peke yake.

Mama yake Chapuchapu ana jicho moja bovu. La pili linaona mpaka vumbi juu ya kabati.

Aliweka kalamu chini. "Sitii sahihi, bosi."

"Utajuta."

"Nimeshajuta."

Alipotoka, Mama Pacha alimdaka mkono, akanong'ona. "Umetia sahihi?"

"Sijatia."

"Mdogo wangu, una wazimu? Rudi ukatie! Utakula utu wako mwezi ujao?"

"Dada, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Na mimi nilifundishwa!" Mama Pacha akasema, akaachia mkono, akarudi kwenye kibodi yake. Chumba kikaanza tena ta-ta-ta-ta. Hakuna aliyetaka kuwa nyuma ya lengo kwa ajili ya mambo ya watu.

Chapuchapu alisimama mbele ya benchi. "Baba, mama, twendeni hospitali. Sasa hivi."

"Zamu yetu imefika?" mshonaji akauliza, na uso wote ukachangamka.

"Imefika, mama."

Fundi baiskeli alimwinua mkewe.

Hospitali haiko mbali, ni kuvuka barabara mbili na kupita ukuta wa shule. Lakini kutembea na mtu asiyeona ni safari. Mshonaji aliongea njia nzima, mdomo haukufunga. Kwamba akitolewa bandeji atamtazama kwanza mumewe, aone kama bado ana lile jino la mbele au anamdanganya tu kwa kutafuna. Kwamba cherehani yake ataifungua yote aisafishe. Kwamba kuna magauni mawili ya watu tangu mwaka juzi, wenyewe wameshanenepa.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," akamwambia Chapuchapu. "Watu kama wewe wamebaki wachache."

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimtupia mzee jicho. Mzee alikuwa anatazama mbele, anahesabu mashimo ya njia ili mkewe asijikwae.

Walipofika kitengo cha macho ilikuwa saa sita kasorobo. Kwenye korido palikuwa na benchi refu, na wagonjwa wameketi wamejipanga, kila mmoja amebandikwa plasta nyeupe kwenye paji la uso, juu ya jicho litakalopasuliwa. Kwenye plasta pameandikwa namba kwa kalamu nyeusi.

Wa kwanza kutoka mlangoni alikuwa mama yake. Plasta yake: 417.

"Mwanangu!" mama akaita, akiwa amemwona kwa jicho lake zima. Lile bovu lilikuwa limeshatiwa matone, limefunguka, linatoka machozi. "Nilijua utakuja. Kaa hapa. Nishike mikono."

Chapuchapu akapiga magoti mbele yake, akamshika. Alinong'ona ili wengine wasisikie. "Mama, hii namba si yako."

Mama akaigusa plasta pajini.

"Ulijua?"

"Nilijua ni ya mtu," mama akasema. "Sikuuliza ya nani. Mwenye jicho bovu haulizi sana."

"Mwenyewe huyu hapa nyuma yangu. Haoni kabisa, mama. Yote mawili. Madaktari wanaondoka leo."

"Na mimi je?"

"Wewe una moja."

"Moja!" Mama akanyanyua sauti, watu benchini wakageuka. "Nimekulea na haya mawili, leo unanihesabia moja? Umetoka huko kwenu kwenye makompyuta kuja kunitoa kwenye foleni mbele za watu?"

"Mama, nakuomba..."

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi mkuu, mwanamke mwenye sauti ya kengele, akatoa kichwa. "Mia nne kumi na saba!"

"Si yangu hiyo?" mshonaji akauliza kwa furaha, akamgeukia mumewe. "Baba, si ndiyo yangu hiyo?"

Mama yake Chapuchapu alikuwa ameshaanza kusimama. Chapuchapu alimwekea mkono begani. Hakumsukuma, alimwekea tu, lakini mama alielewa na akakaa, na pale alipokaa alionekana amezeeka ghafla.

"Ni huyu mama," Chapuchapu akamwambia muuguzi, akimwonyesha mshonaji. "Huyu ndiye mwenye fomu. Kuna makosa yamefanyika ofisini kwetu. Karatasi yake anayo, angalia."

Muuguzi akaisoma karatasi ya mshonaji, iliyokunjwa mara nane. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Hakuwa na muda wa kesi. Alimbandua mama plasta pajini, akaibandika kwa mshonaji, akamshika kiwiko. "Twende, mama. Matone utatiwa ndani. Umenusurika, baada yako ni wanne tu."

Mlango ukafungwa.

Paji la uso la mama lilikuwa na alama nyekundu pale plasta ilipotoka. Chapuchapu alitaka kumfuta machozi, mama akageuza uso ukutani. Fundi baiskeli aliketi mwisho wa benchi, mikono juu ya magoti, macho kwenye ule mlango. Hakumshukuru mtu, wala Chapuchapu hakuona haki ya kushukuriwa.

Alikaa sakafuni akajiambia, angalau. Kazi imekwenda, mama amenuna, lakini angalau moja limerekebishwa. Jamani, binadamu tunapenda sana hilo neno angalau.

Robo saa haikupita, muuguzi mkuu akarudi. Safari hii alishika orodha ndefu, na uso umebadilika.

"Wewe dada uliyesema kuna makosa," akasema. "Nimekwenda kuangalia. Kwenye orodha yetu ya leo kuna wagonjwa kumi na mmoja wenye namba moja ya simu. Ileile! Wote waliandikwa hawakupatikana, halafu wiki iliyopita wote wakapatikana kwa mpigo. Mtu anauza macho ya wenzake hapa." Akaisoma ile namba ya simu kwa sauti, tarakimu moja moja. "Nani anaijua?"

Chapuchapu aliinuka polepole. Aliangalia benchi. Mia nne ishirini. Mia nne ishirini na mbili. Mia nne thelathini na moja. Alizikumbuka fomu zao, penseli iliyofifia, pembe zilizokunjamana. Zote alizichapa yeye. Mama Pacha naye aliweka yake, kila karani aliweka yake, lakini Bwana Malengo alikuwa amechota nafasi zote kwenye kisima kimoja, cha karani mmoja, ili siku mambo yakiharibika kamba imfike shingoni huyohuyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Waliokaa pale walianza kutazamana. Mwanamume mmoja aliyevaa suti alifunika plasta yake kwa kiganja.

"Nimeuliza nani anaijua," muuguzi akarudia. "Askari yuko getini, anasubiri jina tu."

Fundi baiskeli akasimama.

"Ni ya huyu," akasema, akamwonyesha Chapuchapu kwa kidole chenye grisi kwenye kucha. "Nimeisikia ikilia kwenye mkoba wake leo asubuhi, kwa masikio yangu. Waulize hata wenzake."

"Baba!" Chapuchapu akasema. "Mimi ndiye niliyewaleta!"

"Umetuleta, ndiyo. Kwa nini nafasi yetu ilikuwa kwa mama yako?" Sauti ya mzee ilikuwa tulivu, haina chuki hata tone. "Nilinyamaza njia nzima ili mke wangu aingie mle ndani. Ameingia. Mwaka mzima amekuwa akijichoma sindano, binti, na simu yetu unayo wewe."

Kila neno la mzee lilikuwa kweli. Chapuchapu akamgeukia muuguzi. "Simu ni yangu. Hilo nakubali, na nastahili adhabu. Lakini nafasi sikuuza! Ni bosi wangu aliyezigawa, mimi nimejua leo! Mama yangu shahidi." Akamwendea mama, akamshika mabega yote mawili. "Mama, sema. Waambie nani alikupa ile namba. Sema tu ukweli, mama, nakusihi!"

Korido nzima ilimngoja yule mama. Jicho lake la matone lilikuwa linang'aa kwa mwanga, halimwoni hata binti aliye mbele yake.

"Aliileta tarishi wa ofisini kwao," mama akasema. "Alikuja nayo nyumbani kwenye kikaratasi."

Chapuchapu akashusha pumzi.

"Tarishi alisema katumwa na nani?" muuguzi akauliza.

Mama akafikiri. Alikuwa na hasira, nisiwafiche, lakini si hasira iliyomsemesha. Mama yule tangu azaliwe hajui kusema uongo mbele ya mtu aliyevaa sare.

"Alisema katumwa na mwanangu," akajibu. "Alisema ni zawadi yake kwangu. Nilimwombea siku ile mpaka nikalia."

Muuguzi akaikunja orodha, akaenda mwenyewe kumwita askari.